Kustrimu Gemu Ukiwa Meru au Embu: Jinsi ya Kuseti Programu Yako Bila Kuchoma Bando

Siku hizi kuna aina mpya ya mteja anayefungua till. Hauzi nyanya Gakoromone wala hana boda. Ana simu au laptop, ana gemu, na ana watu wanaopenda kumwona akicheza. Anacheza eFootball, PUBG Mobile au Call of Duty: Mobile, anarusha mechi laivu YouTube au Twitch, na mashabiki wanamtumia 20 bob, 50 bob, mara moja moja soo mbili. Wengi wao ni wanafunzi, na mji ulio na chuo kama Nchiru au Embu hauwezi kukosa watu wa gemu.

Swali wanalotuuliza zaidi halihusu till. Wanataka kujua kwa nini video inaganda. Na kusema kweli, hilo ni swali la pesa. Mtu hatumi 50 bob kwa picha iliyokwama dakika ya 85 matokeo yakiwa 2-2. Anafunga, anaenda TikTok, na hutamwona tena. Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu setingi, kisha tutarudi kwa pesa, kwa sababu kuna njia kadhaa za kuanika PIN yako mbele ya dunia nzima bila kujua.

Kwanza, elewa bitireti

Ukistrimu, programu inachukua picha za gemu, inazibana, kisha inazituma kwa seva. Bitireti ni kiasi cha data unachotuma kila sekunde. Hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde, yaani Kbps. Ikiwa juu, picha inakuwa safi. Ikizidi uwezo wa mtandao wako, picha inaganda. Setingi nyingine karibu zote zinazunguka hapo.

Hapa watu wengi wanakosea kwa njia ile ile: wanaangalia kasi ya kudownload. Unapima mtandao, unaona 25 Mbps, unafurahi, unaweka ubora wa juu kabisa. Lakini wewe unatuma, hupokei. Namba unayoitaka ni ya upload, na kwa laini za 4G hiyo huwa ndogo kuliko ile nyingine. Pia inabadilika. Saa nne asubuhi mtandao uko fiti. Saa mbili usiku, kila mtu akiwa nyumbani na video yake, mnara uleule unagawana kazi. Na milima yetu haisaidii. Nyumba iliyo juu ya kilima na ile iliyo chini bondeni, mita mia chache tu kati yao, zinaweza kuwa na mtandao tofauti kabisa. Wakati mwingine kuhamisha modemu kutoka sebuleni hadi dirisha linaloangalia mnara kunakusaidia kuliko setingi yoyote ile.

Kwa hivyo fanya hivi. Pima upload mara tatu, saa ile ile unayopanga kustrimu, siku tofauti kama unaweza. Chukua namba ndogo zaidi, usichukue wastani. Kisha tumia kama asilimia 70 ya hiyo. Tuseme uko Embu mjini na umepata 5.1, 3.8 na 4.4 Mbps. Ndogo ni 3.8. Asilimia 70 yake ni kama 2.66 Mbps, yaani 2,660 Kbps. Weka bitireti ya video 2,500 na uache iliyobaki iwe ya sauti na ya kupumulia. Gemu yenyewe ikiwa ya mtandaoni inahitaji nafasi pia. Haili data nyingi, lakini ikikosa nafasi, utapigwa risasi kabla ya kumwona adui.

Bando litaisha lini?

Hesabu ni rahisi: chukua bitireti kwa Kbps, zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa. Strimu ya 2,500 Kbps inakula MB 1,125 kwa saa. Ongeza sauti ya 128 Kbps, ambayo ni kama MB 58, na uko karibu na GB 1.2. Ukistrimu saa moja na nusu, hesabu GB 1.8. Ukiweka 6,000 Kbps kwa sababu umeona Mmarekani fulani akifanya hivyo, hiyo ni GB 2.7 kila saa, sauti bado. Ukishuka hadi 1,500, ni MB 675.

Andika hiyo namba kando ya bei ya bando lako kabla hujaanza. Kama gharama ya data ya mechi mbili inazidi tips unazopata kwa wiki nzima, una uamuzi wa kufanya, na ni afadhali kuufanya sasa kuliko katikati ya fainali. Ukitumia kompyuta ya Windows, ambia mfumo kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, ili usianze kudownload sasisho la GB 3 wakati unacheza. Fanya hivyo hivyo kwa simu: zima masasisho ya programu na kuhifadhi picha mtandaoni.

Kuna upande mwingine ambao watu husahau, nao ni bando la mtazamaji. YouTube huchukua video yako na kuitengenezea saizi tofauti, kwa hivyo shabiki aliye Maua na bando la siku anaweza kushusha hadi 360p na aendelee kutazama. Twitch haimhakikishii kila mtu hilo. Kwa chaneli ndogo, mara nyingine mtazamaji analazimika kupokea ile ile unayotuma. Ukituma 6,000 Kbps, yeye pia anachomwa GB 2.7 kwa saa. Nani atakaa hapo? Maoni yetu, na hatulipwi na mtu kuyasema: kama mashabiki wako wako Kenya na wanatazama kwa simu, anza na YouTube. Ukisisitiza Twitch, tuma 720p kwa 2,000 hadi 2,500 na usione haya.

720p inatosha, ukubali tu

Picha ya 1080p ina nukta 2,073,600. Ya 720p ina 921,600. Tofauti ni mara mbili na robo. Ukitoka fremu 30 kwa sekunde hadi 60, unazidisha tena mara mbili. Maana yake 1080p ya fremu 60 ina kazi mara nne na nusu kuliko 720p ya fremu 30. Sasa chukua sufuria moja ya githeri uliyopikia watu wanne, halafu ulete watu kumi na wanane. Kila mtu atapata, lakini hakuna atakayeshiba. Ndivyo inavyokuwa ukiweka 1080p kwa 2,500 Kbps: nyasi za uwanja zinageuka uji, na namba za jezi hazisomeki.

Kwa mpira, 720p ya fremu 30 kwa 2,500 ni sawa. Gemu za risasi zenye msitu na nyasi nyingi, kama PUBG, zinahitaji bitireti zaidi kwa sababu kila kitu kinasonga kwa wakati mmoja. Ukiweza kufika 3,000 au 3,500, fanya. Gemu za mapigano ni kesi tofauti. Mandhari ya nyuma haihami sana, lakini ngumi zinaenda kwa kasi, na mtazamaji anayejua gemu anataka kuona kila fremu. Kama unafuata nyayo za Sylvia Gathoni, yaani QueenArrow, mchezaji wa Tekken kutoka hapa Kenya aliyesajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU mwaka wa 2018, basi heri 720p ya fremu 60 kuliko 1080p ya fremu 30. Na wale wa drafti, chesi au ludo, nyinyi mna raha. Hata 1,000 inawatosha.

Ndani ya OBS

OBS Studio ni programu ya bure, na ndiyo tunayopendekeza kwa mtu mwenye kompyuta. Ukiona mtu anakuuzia, amekuibia.

Ingia kwenye Settings, halafu Video. Utaona saizi mbili. Ya juu ni ya skrini yako, iache ilivyo. Ya chini ndiyo inayotumwa, weka 1280x720. Fremu weka 30. Kisha nenda Output, ubadilishe kutoka Simple hadi Advanced ili uone vitu vyote.

Hapo kuna neno Encoder. Enkoda ndiyo inayobana picha. Ukichagua x264, kazi inafanywa na prosesa ile ile inayoendesha gemu. Kompyuta nyingi zenye kadi ya NVIDIA zina NVENC, ambayo ni sehemu maalum ya kadi kwa kazi hiyo; ichague bila kufikiria sana. Laptop za ex-UK ambazo wengi wetu tunanunua huwa na prosesa ya Intel, na nyingi zina Quick Sync. Ikionekana kwenye orodha, ijaribu. Kama hakuna chochote isipokuwa x264, acha preset kwenye veryfast. Kompyuta ikilemewa, nenda superfast. Picha itashuka kidogo lakini haitakwama, na kati ya hayo mawili tunajua shabiki atachagua lipi.

Rate Control iwe CBR, yaani bitireti isiyopanda na kushuka ovyo. Keyframe Interval iwe sekunde 2. YouTube na Twitch zote zinapenda hivyo. Sauti weka 128 Kbps. Usiibane sana, kwa sababu mtu huvumilia picha yenye ukungu lakini sauti inayokwaruza humfukuza haraka. Mwisho, kwenye Advanced, chini ya Network, kuna kisanduku kinachoruhusu OBS kushusha bitireti yenyewe mtandao ukileta shida. Kwa laini za simu, kiweke tiki.

Sasa kitu muhimu ambacho mafunzo mengi hayakwambii. Strimu ikikwama, usiguse setingi ovyo. Fungua dirisha la Stats. Kuna namba tatu za fremu zilizopotea, na kila moja ina ugonjwa wake. Zilizopotea kwa network zinamaanisha mtandao umeshindwa: shusha bitireti. Zilizopotea kwa encoding zinamaanisha prosesa imechoka: badilisha preset, au shusha saizi ya picha. Zilizopotea kwa rendering zinamaanisha kadi ya picha imejaa: shusha ubora wa gemu yenyewe, au uifunge isipite fremu 60. Kuna watu wananunua bando kubwa zaidi kila wiki wakati shida yao ni ya pili. Hilo ni pesa kwa maji.

Laptop pia iwe kwenye chaja. Ikiwa kwa betri, nyingi hupunguza nguvu zenyewe. Na stima ikipotea, laptop itabaki hai lakini ruta itakufa, kwa hivyo UPS ndogo ya ruta, au hotspot ya simu iliyo tayari, ni sehemu ya vifaa vya kazi. Usingoje giza ndio ukumbuke.

Kama unacheza kwa simu au PlayStation

Simu ikicheza na kustrimu kwa wakati mmoja inapata joto, na ikipata joto inajipunguza kasi. Toa kava, usiichaji ukicheza kama betri inaweza kuvumilia, na uridhike na 720p kwa 1,500, au hata 480p. Programu kama Streamlabs inakuruhusu kuchagua hizo namba. Kumbuka YouTube inataka uwe na angalau wafuasi 50 ndipo ustrimu kutoka kwa simu, na ukiwasha strimu mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24 kukubaliwa. Kama mashindano ni Jumamosi, washa Jumatano. Pia, tangu Julai 2025, aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kustrimu peke yake huko.

Ukiwa na laptop ya kawaida isiyoweza gemu nzito, kuna njia nzuri zaidi: tumia scrcpy. Ni programu ya bure inayoonyesha skrini ya simu ya Android kwenye kompyuta kupitia waya wa USB. Simu inacheza, laptop inastrimu. Android 11 kwenda juu inaleta na sauti pia. Hii tunaipenda sana kwa sababu haigharimu zaidi ya waya.

PlayStation 4 na 5 zinaweza kurusha laivu zenyewe, bila kompyuta, na kwa mwanzo hiyo inatosha. Ukitaka kuipitisha kwa laptop ili uweke nembo na namba ya till, utahitaji kadi ya kunasa video. Usinunue waya wa HDMI ukidhani utauchomeka kwa laptop tu: ile HDMI ya laptop hutoa picha, haipokei.

Sasa pesa

Hapa ndipo tunapoomba utulie kidogo, maana mambo ya bitireti yakiharibika unapoteza watazamaji, lakini haya yakiharibika unapoteza akiba.

Ukistrimu skrini ya simu, kila kitu kinachoonekana kwako kinaonekana kwa wote. Meseji ikiingia na salio lako, wameiona. Nambari ya siri ya benki ya kuingia mara moja ikija, wameiona, na aliyekuwa akiisubiri yuko tayari. Ukifungua programu ya pesa ununue bando la ziada huku unastrimu, umeonyesha jina, salio na pengine PIN. Kuzima arifa kunasaidia, lakini menyu za laini ya simu zinaweza kuruka juu ya skrini hata hivyo. Dawa bora ni ya kizamani: laini ya pesa ikae kwenye mulika mwizi pembeni. Iingie meseji huko, uisome, utaje jina la kwanza la shabiki, basi. Simu ya gemu isijue chochote kuhusu pesa zako.

Kwenye OBS, usitumie Display Capture, ambayo inaonyesha skrini nzima. Tumia Game Capture au Window Capture, ambazo zinaonyesha gemu pekee. Ukifungua WhatsApp au barua pepe, hakuna atakayeona. Na ile stream key unayopewa na YouTube au Twitch, ichukulie kama PIN. Mwenye nayo anaweza kurusha anachotaka kwa chaneli yako. Ikionekana hata kwa sekunde moja, ibadilishe hapo hapo.

Weka till kwenye skrini, usiweke namba yako ya simu. Till inaonyesha jina la biashara na haimpi mtu usiyemjua namba ya kukupigia saa tisa usiku. Iandike kwa herufi kubwa, chini upande usiofunika ramani ya gemu wala matokeo, na uiangalie kwenye simu ndogo uone kama inasomeka kwa 360p. Tumeona strimu safi kabisa ambapo namba ya till ni ukungu mtupu. Iandike pia kwenye maelezo ya video ili mtu aweze kuinakili.

Matapeli wanapenda laivu kwa sababu uko bize na una haraka ya kushukuru. Mtu anakutumia meseji feki kwamba ametuma 1,500, kisha anaandika kwa chati kwamba alikosea, alitaka kutuma 150, tafadhali rudisha chap chap. Meseji ya kweli haitoki kwa namba ya kawaida ya simu. Lakini hata ikionekana ya kweli, usiiamini. Maliza mechi, angalia salio na taarifa ya akaunti, ndipo uongee. Na kama pesa kweli zimekuja kimakosa, mwache aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Usitume wewe mwenyewe, maana unaweza kujikuta umerudisha mara mbili.

Wengine wanauliza kama walipishe kuingia, tuseme 50 bob kuona fainali kwa linki ya siri. Inawezekana, lakini hatuipendi. Linki itafika kwa grupu tatu za WhatsApp kabla ya filimbi ya kwanza, na strimu ikianguka, kila aliyelipa ana haki ya kudai chake. Utashinda usiku ukirudisha 50 bob moja moja. Acha mlango wazi, till iwe kwenye skrini, na tips zije kwa hiari. Mashindano ya wachezaji 16 wanaolipa 200 kila mmoja yanakupa 3,200. Kata data kutoka hapo kwanza, kabla hujatangaza zawadi.

Kabla ya siku yenyewe, strimu dakika kumi kwa linki isiyo ya umma. Mpe rafiki mmoja aliye Siakago au Nkubu aitazame kwa simu yake na bando lake, asitumie wifi yako. Mwombe akwambie mambo matatu: imekwama mara ngapi, sauti ya gemu inafunika yako au la, na till ni namba gani. Akiikosea hata tarakimu moja, kuza maandishi.